Kabla ya kuomba mashine nyingine, hesabuni makontena

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme jambo moja kuhusu klasta za kompyuta, yaani mashine kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi moja, ambazo siku hizi kila ofisi inayotaja data kubwa inataka kuwa nayo. Kijana anaandika programu yake ya kuchakata grafu, anaijaribu kwenye kompyuta mpakato, inakwenda vizuri. Anaipeleka kwenye klasta, inagoma. Neno la kwanza linalotoka ni kwamba mashine hazitoshi, na ombi la kununua nyingine linaandikwa kabla logi (kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia) haijafunguliwa. Kwa tunavyoiona kazi hii hapa Tanga, mara nyingi mashine zinatosha. Kilichokosekana ni hesabu ya robo saa kwenye karatasi.

Grafu tunayoizungumzia si ule mstari wa kwenye ripoti unaopanda na kushuka. Ni mtandao wa vitu na mahusiano yake: vituo na barabara, simu na miamala, bandari na meli. Kitu ni nodi, uhusiano ni kiungo. Mwaka 2010 wahandisi wa Google walieleza mfumo wao wa Pregel, uliosimama juu ya wazo la Leslie Valiant la mwaka 1990: kazi iende kwa mizunguko, kila nodi isome ujumbe ulioletwa katika mzunguko uliopita, ipige hesabu yake, itume ujumbe kwa jirani, kisha wote wasubiriane kabla ya kuanza mzunguko mwingine. Giraph ya Apache ilifanya vivyo hivyo juu ya Hadoop, mfumo wa kugawa data na kazi kwa mashine nyingi, na msimbo wake ukawa wazi kwa wote. Mradi huo ulistaafishwa mwaka 2023, kwa hiyo anayeanza upya leo aangalie GraphFrames, maktaba ya grafu iliyo juu ya mfumo wa Spark. Tunaitumia Giraph hapa kwa kuwa makosa yake yanaonekana waziwazi, na mengi utayakuta kwingine yakiwa yamevaa nguo nyingine tu.

Mfano tuuchukue humu humu mkoani. Tanga mjini tuipe namba 1, Muheza 2, Segera 3, Korogwe 4, Pangani 5. Faili la kuingiza lina mistari mitano, kila nodi na mstari wake:

[1,0,[[2,35],[5,50]]]
[2,0,[[1,35],[3,37],[5,45]]]
[3,0,[[2,37],[4,17]]]
[4,0,[[3,17]]]
[5,0,[[1,50],[2,45]]]

Namba ya kwanza ni nodi, ya pili ni thamani yake ya kuanzia, halafu zinafuata jozi za jirani na umbali wake. Kilomita hizo ni za makadirio. Mwenye safari asizifuate. Barabara ni ya kwenda na kurudi, ndiyo maana kila kiungo kimeandikwa mara mbili, mara moja kwa kila upande. Ukisahau upande mmoja Giraph haitakusahihisha, itaamini tu kwamba gari haliruhusiwi kurudi. Na mstari mtupu ukibaki katikati au mwishoni mwa faili, kazi nzima huanguka wakati wa kusoma, maana programu inatarajia mabano na haikuti kitu.

Swali ni njia fupi kutoka Pangani. Katika mzunguko 0 kila nodi inajiwekea umbali mkubwa kupita kiasi, maana yake haijafikiwa, isipokuwa Pangani inayojiwekea 0 na kutuma 50 kwa Tanga na 45 kwa Muheza. Mzunguko 1, Tanga inapokea 50 na kuishika, inatuma 85 kwa Muheza na 100 kwa Pangani. Muheza nayo inashika 45, inatuma 80 kwa Tanga, 82 kwa Segera na 90 kwa Pangani. Mzunguko 2, Tanga inaitupa 80, Muheza inaitupa 85, Pangani inazitupa zote mbili, Segera inashika 82 na kutuma 99 kwa Korogwe na 119 kurudi Muheza. Mzunguko 3, Muheza inaitupa 119, Korogwe inashika 99 na kuijibu Segera 116. Mzunguko 4, Segera inaitupa 116, hakuna ujumbe mpya, wote wamelala, kazi imekwisha. Majibu: Pangani 0, Muheza 45, Tanga 50, Segera 82, Korogwe 99.

Jaribio hili, au jingine dogo kama hili, liendeshwe kwanza kwenye klasta yoyote, kwa woka mmoja (mchakato unaobeba sehemu ya grafu na kuipigia hesabu), kwa sababu jibu lake unaweza kulihakiki kwa kalamu. Likitoka sawa, unajua kwamba Hadoop, mtandao na jar yako (kifurushi cha programu ya Java) havina neno, na lolote litakaloharibika baadaye linatokana na ukubwa au na data. Wengi hurukia faili la GB 40 siku ya kwanza. Likianguka, hawajui hata upande wa kutazama.

Sasa ongeza kwenye mstari wa Korogwe kiungo cha kwenda Mombo, [6,40], lakini mstari wa Mombo wenyewe usiuandike. Kazi itamalizika bila erori hata moja, na kwenye matokeo utasoma kwamba Mombo iko kilomita 0 kutoka Pangani. Hiyo ni nodi hewa, ndugu yao wale wafanyakazi hewa. Ujumbe wa 139 ulitumwa kwa nodi isiyokuwepo, na Giraph kwa tabia yake ya kawaida huiunda nodi ya aina hiyo papo hapo na kuipa thamani 0. Kujiwekea ule umbali mkubwa hufanyika katika mzunguko 0 pekee, na Mombo imezaliwa katika mzunguko wa 4. Inalinganisha 139 na 0 yake, inaona 0 ni ndogo, inanyamaza. Kwenye grafu ya nodi tano utaliona kosa. Kwenye grafu ya nodi milioni hulioni, na ripoti itapelekwa mezani kwa mkubwa ikiwa nayo. Dawa ni kuhakikisha kila nodi ina mstari wake hata kama haina kiungo kinachotoka, na kuhesabu nodi zilizoingia na zilizotoka. Namba hizo mbili zisipolingana, usiguse matokeo.

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Kontena hapa si lile la bandarini. Ni kipande cha memori ambacho YARN, mgawaji wa Hadoop, huikatia kazi. Tuseme klasta ina mashine 4, kila moja na GB 16. Acha GB 4 kwa mfumo endeshi na huduma za Hadoop zenyewe, zinabaki 12, yaani MB 12,288 kwa kila mashine. Kazi yoyote ikianza, kwanza hukatiwa kontena la msimamizi wake, ambalo kwa kawaida huomba MB 1,536, na YARN hulipandisha hadi 2,048 kwa sababu hugawa kwa vipande vya 1,024. Hili ndilo linalosahauliwa. Mashine iliyombeba msimamizi imebaki na 10,240. Ukichagua makontena ya MB 5,120, mashine hiyo inapokea mawili sawasawa bila baki, na zile tatu nyingine mawili mawili, jumla 8. Moja linachukuliwa na masta wa Giraph, anayewaongoza woka, yanabaki 7. Amri yako basi iseme -w 7, yaani woka 7.

Ukiandika -w 8 kwa kudhani makontena 8 ni woka 8, kazi inahitaji makontena 9. Manane yanaanza, masta anamngoja woka wa nane ambaye hana pa kukaa, asilimia kwenye skrini inasimama palepale. Kwa mpangilio wa kawaida atangoja dakika kumi, kisha kazi inakufa ikilalamika kwamba haikupata michakato ya kutosha kwa wakati. Hakuna mashine iliyoharibika wala mtandao uliokatika. Na hapa ndipo ombi la mashine ya tano huandikwa.

Wapo wanaofanya kinyume, wanaongeza memori. Badala ya 5,120 wanaweka 6,144, wakidhani wamempa kila woka nafasi zaidi. Mashine tatu bado zinapokea mawili, lakini ile yenye msimamizi sasa inapokea moja tu, na MB 4,096 zinalala bure. Makontena ni 7, woka ni 6. Tamaa ya GB moja imekula woka mzima.

Ndani ya kontena kuna hesabu nyingine. Ukubwa wa kontena huwekwa kwenye mapreduce.map.memory.mb, lakini sehemu ambayo Java inaitumia kuweka grafu ni -Xmx, inayowekwa kwenye mapreduce.map.java.opts. Ya pili iwe kama asilimia 80 ya ya kwanza: kwa kontena la 5,120 weka -Xmx4096m. Ukizifanya ziwe sawa, nyuzi za programu na mabafa ya mtandao, ambayo hukaa nje ya -Xmx, yatalivusha kontena mpaka, na YARN itamuua woka kwa kosa la kupita memori aliyopewa. Kwenye logi utaona msimbo wa kutokea 143. Ukiisahau kabisa -Xmx, Hadoop ya toleo la 2 ina thamani yake ya kawaida ya MB 200, basi woka anakufa kwa njaa huku kontena lake likiwa karibu tupu. Makosa hayo mawili yanafanana sana kwa mbali. Yanatofautishwa kwenye logi: la kwanza ameuawa na YARN, la pili amejiangukia mwenyewe akisema OutOfMemoryError.

Jar nayo ina mtego wake. Programu uliyoiandika mwenyewe haimo ndani ya Giraph, kwa hiyo klasi zako (vipande vya programu ya Java) lazima zifike sehemu mbili: kwenye mashine unayotolea amri, na kwa kila woka. HADOOP_CLASSPATH inashughulikia ya kwanza tu. Woka wanapelekewa kwa -libjars, ambayo hukaa mara baada ya jina la GiraphRunner, programu inayoianzisha kazi, kabla ya hoja nyingine zote. Ukiiweka mwishoni haihesabiki. Na zingatia alama: kwenye HADOOP_CLASSPATH majina hutenganishwa kwa nukta mbili, kwenye -libjars kwa koma. Kazi inayoanza vizuri kisha ikafa na ClassNotFoundException ikitaja klasi yako mwenyewe, karibu kila mara imekosea hapo. Anayetaka kulala usingizi atengeneze jar moja iliyobeba kila kitu, isipokuwa maktaba za Hadoop, ambazo klasta inazo tayari na zikiwemo mara mbili hugombana.

Ugomvi wa matoleo unajulikana kwa ujumbe wake: JobContext ilitarajiwa kuwa klasi, imekutwa ni intafesi. Hiyo ni Giraph iliyojengwa kwa Hadoop ya 1 ikaendeshwa juu ya Hadoop ya 2. Hakuna mpangilio utakaoitibu. Ijengwe upya kwa toleo la klasta yako.

Logi. Kazi ikianguka, skrini itakuonyesha maneno ya masta, na masta anajua tu kwamba woka fulani hapatikani. Hiyo ni taarifa ya msiba, sababu ya kifo iko kwa woka mwenyewe. Toa amri yarn logs -applicationId pamoja na namba ya kazi, kisha tafuta erori ya kwanza kwa saa, usianze na ya mwisho. Woka mmoja akifa saa nne na dakika kumi, wengine sita watalalamika dakika ya kumi na moja kwamba wamepoteza mawasiliano naye, na malalamiko hayo sita ndiyo yatakayojaza skrini. Amri hiyo haitoi kitu kama ukusanyaji wa logi haujawashwa kwenye YARN, na kwa kawaida huja ukiwa umezimwa. Uwashwe kabla, maana ukiwashwa baada ya ajali haukusanyi ya nyuma.

Kosa linalotuudhi kuliko yote halitoi erori. Giraph, ili kuokoa memori, hutumia kifaa kimoja cha ujumbe na kukijaza upya kila unapopiga hatua kwenye orodha ya ujumbe. Mwandishi wa programu akiuhifadhi ujumbe wenyewe kwenye orodha yake ili ausome baadaye, atakuta orodha ya vitu kumi, vyote vikisema maneno ya ujumbe wa mwisho. Nakili thamani, usishike kifaa. Na ukitengeneza aina yako ya data, mpangilio wa kuandika kwenye write na wa kusoma kwenye readFields uwe uleule, namba kwa namba. Orodha iliyomo ifutwe kabla ya kujazwa tena. Na kuwe na konstrakta isiyodai kitu. Kompyuta moja yenye grafu ndogo inaweza kukuficha kosa hilo, klasta haikufichi.

Majina ya mashine yanaleta vichekesho. Ubuntu huandika jina la mashine kwenye faili la /etc/hosts likielekea 127.0.1.1. Woka anawatangazia wenzake anwani hiyo, na kila mwenzake akiifuata anajikuta anajigongea mlango wake mwenyewe. Ondoa mstari huo, weka anwani halisi za mashine zote. Ukuta wa moto nao ufunguliwe kati ya mashine kwa milango inayoanzia 30000, ambayo Giraph huitumia kwa ujumbe, na 22181 ikiwa ZooKeeper, mratibu wa michakato, inaanzishwa na Giraph yenyewe.

Folda ya matokeo ikiwa tayari ipo, Hadoop hukataa kazi. Imewekwa hivyo makusudi isije ikafuta ya jana. Badala ya kuzoea kufuta, andika tarehe na saa kwenye jina la folda.

Sasa swali linalopaswa kuulizwa kabla ya haya yote: grafu yako ina ukubwa gani? Nodi milioni moja, kila moja na viungo kumi, ni viungo milioni 10. Kiungo chenye namba ya jirani ya baiti 8 na umbali wa baiti 4 ni baiti 12, jumla MB 120. Nodi zenyewe, hata ukizipa baiti 200 kila moja, ni MB 200. Kila nodi ikituma ujumbe kwa majirani wote katika mzunguko mmoja, baiti 8 za ujumbe na 8 za anwani, ni MB 160, na ukiweka kiunganishi kinachobakiza ujumbe mdogo kabisa kwa kila nodi, inapungua zaidi. Haifiki nusu GB. Mzigo huo unabebwa na kompyuta mpakato ya mwanafunzi, na itamaliza kabla klasta haijakata kontena la kwanza. Mwaka 2015 Frank McSherry na wenzake wawili walionyesha jambo hili kwa vipimo: programu ya uzi mmoja kwenye mpakato ilizipita klasta kadhaa zilizokuwa zikisifiwa kwa kazi za grafu. Upande wa pili wapo Facebook, ambao mwaka 2013 walieleza kwamba waliendesha Giraph kwenye mashine 200 kwa grafu ya viungo trilioni moja, mzunguko mmoja wa PageRank (hesabu ya kupima umuhimu wa kila nodi) ukichukua chini ya dakika nne. Kati ya milioni kumi na trilioni moja kuna nafasi pana, na kazi nyingi za mkoani ziko karibu sana na ile milioni kumi.

Hata mashine zikiwa nyingi, mtandao wenye nodi moja inayogusa karibu kila nyingine hauharakishwi nazo. Wakala mmoja mkubwa wa pesa za simu ana viungo laki tano, wengine wana ishirini. Woka aliyeangukiwa na huyo anahangaika peke yake, na kwa kuwa mzunguko hauanzi mpaka wote wamalize, sita wengine wamekaa kama waalikwa wanaomsubiri mwenye sufuria. Ukiona woka mmoja anachukua muda mara kumi ya wenzake kila mzunguko, hesabu viungo vya nodi zake kabla ya kulaumu kifaa.

Kwa umeme wetu, kazi ndefu iwekewe giraph.checkpointFrequency. Kwa kawaida ni 0, maana yake haihifadhi kitu, na umeme ukikatika mzunguko wa 90 unaanza na wa kwanza. Ukiweka 10, hali nzima huandikwa kila baada ya mizunguko kumi. Ina gharama, kwa sababu HDFS, hifadhi ya faili ya Hadoop, kwa kawaida huweka nakala tatu za kila kitu, basi kwa kazi ya dakika tano usijisumbue. Na wakati wa kaskazi, joto linapokuwa kali, chumba cha mashine chenye feni peke yake hakitoshi. Kompyuta hujipunguzia kasi zenyewe na utadhani programu imezorota.

Ombi letu kwa wakuu wa vyuo na maofisa manunuzi wa hapa Tanga ni dogo. Ombi lolote la kuongeza mashine liambatane na karatasi moja yenye mambo manne: nodi na viungo vya grafu, MB zinazohitajika kwa hesabu kama ile ya hapo juu, makontena ambayo klasta iliyopo inaweza kukata baada ya kumtoa msimamizi na masta, na erori ya kwanza kwa saa kutoka kwenye logi ya woka. Likikosekana hata moja, mwombaji arudishiwe karatasi yake aijaze.

Wasomaji wako,
Mafundi wa mifumo ya kompyuta,
Ngamiani, Tanga.